Kifuniko cha Mtungi wa Hawo

Wanasema hasira hasara. Mimi sibishani na wahenga, lakini siku moja tu, wallahi, hasira yangu ilinifaa, na mpaka leo nikikumbuka nasisimka mwili mzima. Jina langu Istahil. Nauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo mjini, na nyumbani kwangu ni Wabera, ukuta mmoja na Mzee Mwongera. Wenzangu sokoni hunitania ati nikianza kufoka maziwa yanaganda yenyewe. Waache waseme. Maziwa yangu hayajawahi kurudishwa na mtu.

Sasa sikiliza habari ya mtungi. Ulikuwa wa mama yangu, Hawo, Mungu amrehemu. Ni ile mitungi ya maziwa ya zamani, ya aluminiamu, mizito, yenye mikono miwili na kifuniko kinachoingia shingoni kwa kugongwa na kiganja. Mama aliishi Sericho, na maziwa yake yalikuja mjini kwa lori pamoja na ya wanawake wengine. Ili mitungi isichanganyike, kila mwanamke alitia chapa yake juu ya kifuniko. Ya mama ilikuwa ile ile waliyochomwa ngamia wa kwetu: mistari mitatu, na nukta moja chini yake.

Aliigonga mwenyewe, kwa jiwe na msumari mkubwa alioupondaponda ncha. Mistari miwili imenyooka vizuri. Wa tatu unaanza na adabu zake, halafu katikati unakimbia upande kama mbuzi aliyeona fisi. Sababu ni mimi. Nilikuwa mtoto mchanga, nimefungwa mgongoni kwake, na alipokuwa anaupiga huo mstari wa mwisho nikamrushia teke la mbavu. Msumari ukateleza. Utotoni, kila nilipomkosea, mama alikileta kile kifuniko mbele ya pua yangu. "Unaona? Ulianza kunisumbua kabla hujajua kutembea." Halafu anacheka mpaka anakaa chini.

Mama hakuacha picha hata moja. Aliacha kaburi kule mbali, na aliniachia mtungi.

Basi binti yangu Sahra akaposwa. Kijana ni Abdikarim, wa Kulamawe, ana adabu na ana ngamia, nami sikuwa na neno. Kwetu, bibi harusi hatoki nyumbani bila chombo cha maziwa cha upande wa mama yake. Akifika kwa mumewe, mama mkwe anakipokea kwa mikono miwili, anaipapasa chapa kwanza, ndipo anamimina maziwa ya kwanza. Chapa ndiyo inasema huyu msichana ana watu. Bila chapa umebeba chombo tu, na vyombo vimejaa madukani.

Lakini huo mtungi ulivyokuwa mchafu! Miaka ya moshi, mafuta ya lori, vumbi la barabara, ulikuwa mweusi huwezi kujua ni chuma au ni gogo lililoungua. Niliona haya kumpa mtoto wangu kitu kama hicho mbele ya wanawake wa Kulamawe. Ndipo nikamwendea Mwongera.

Mwongera ni Mmeru, alistaafu kutoka gereji ya serikali, na tangu astaafu kazi yake ni kung'arisha. Anakaa uani kwake na vijana wa boda wanamletea vifuniko vya injini vyenye madoa na ukungu. Wakirudi wanakuta vioo. Huyu mzee hana unyenyekevu hata kidogo. Akimaliza kimoja anakiinua juu, anajikagua meno, anatangaza mpaka kwangu nasikia: "Hata rais akitaka kujinyoa, alete uso hapa!" Mkewe Gaceri anamwambia afunge mdomo, nzi wataingia.

"Mzee," nikamwambia, "nataka huu mtungi ung'are mpaka mama mkwe wa Sahra afumbe macho. Usiniachie hata mkwaruzo mmoja. Lakini ndani usiguse! Nikisikia umetia sabuni ndani, utahama Wabera."

Ndani ya mtungi ni moshi. Sisi tunafukiza vyombo vya maziwa kwa mti wenye harufu nzuri, na moshi wa miaka mingi ukishakaa humo, maziwa hayaharibiki haraka na utamu wake ni mwingine. Tone moja tu la sabuni, kwisha. Kwa hiyo niliurudia huo wosia wa ndani mpaka Mwongera akainua mikono. "Mama Sahra, nimesikia. Ndani hata nikiota sigusi."

Nilikaa pale kwenye kigoda cha Gaceri nikamtazama akianza, kwa sababu simwamini mtu. Akaanza na msasa mkali, na maji ya sabuni kidogo kidogo, upande wa nje. Tope jeusi likatiririka. Akashika msasa laini, halafu mwingine laini zaidi, mpaka sauti ya kukwaruza ikawa kama mtu ananong'ona. Mtungi ukawa wa kijivu, hauna raha wala huzuni. Nikamwambia kama ni hivyo tu, hata mimi na majivu yangu ningefanya. Alifunga duara la kitambaa kwenye drili, akalipaka polishi, akawasha. Mtungi ukawa mweusi tena! Nikaruka juu. "Mzee, unaniharibia!"

"Kaa chini, mama. Gaceri, leta unga."

Unga! Unga wa ugali! Akanyunyiza unga juu ya ule weusi, akafuta kwa fulana kuukuu, na pale alipopitisha mkono, subhanallah, pakafunguka mbingu. Sina namna nyingine ya kusema. Wingu lililokuwa juu ya paa la Gaceri lilikuwa ndani ya mtungi wa mama yangu. Kunguru akapita juu na chini kwa wakati mmoja. Nikasogea karibu, nikamwona mama ananitazama, na moyo ukapiga paa. Kumbe ni mimi. Nimezeeka nikamfanana, na hakuna mtu aliyeniambia.

"Umeona?" akasema Mwongera.

"Nimeona," nikasema.

Kifuniko alisema atakifanya siku ya pili. Nikaenda zangu nikiwa na furaha ya mtoto.

Siku ya pili nilitoka sokoni moja kwa moja mpaka uani kwake. Gaceri alikuwa nyuma ya nyumba anatoa kuku bustanini. Mwongera akaninyooshea kifuniko kwa mikono yote miwili, kimefunikwa kitambaa, kama mtu anayetoa zawadi. Akavuta kitambaa.

Kilikuwa kioo. Kioo kitupu. Nikaona jua, nikaona baibui langu, nikaona mdomo wangu ukifunguka. Mistari hakuna. Nukta hakuna.

"Hiki kilinitesa," mzee akasema, uso umemjaa furaha. "Kilikuwa na mikwaruzo katikati, mirefu, imeingia ndani kabisa. Nikasema hapana, Mama Sahra alikataza hata mkwaruzo mmoja. Nikapitisha grainda kwanza, nikashuka na msasa mpaka ikaisha. Papasa uone!"

Sikupapasa. "Mwongera," nikasema, "chapa ya mama yangu iko wapi?"

Akaangalia kifuniko, akaniangalia mimi. Furaha ilimtoka usoni polepole, nikaiona ikitoka. "Ile ilikuwa chapa?"

Hapo ndipo Wabera nzima ikajua. Nilisema maneno ambayo siyarudii, kwa sababu nimetawadha. Nilimuuliza kama kwao Meru watu wanazaliwa bila mama. Nilimwambia mkwaruzo ni mkwaruzo na chapa ni chapa, hata ng'ombe anajua. Yeye naye akajitetea, maana si mtu wa kunyamaza: wao wakulima wanatia alama wapi, kwa viazi? Si mimi niliyesema asiache hata mmoja? Si mimi niliyepiga kelele za ndani, ndani, ndani, na nje sikutaja neno? Na hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu lilinichoma zaidi.

Halafu akataka kurekebisha. Kama angenyamaza tu! "Usijali, Mama Sahra. Nionyeshe vile ilikuwa, nitakupigia ingine. Na yangu itakuwa imenyooka."

Imenyooka! Nilikishika kile kifuniko nikakirusha kwa nguvu zangu zote. Sikuangalia kilikoangukia. Nilichukua mtungi wangu unaong'aa, usio na kichwa, nikavuka kwenda kwangu na kufunga mlango wa mabati mpaka ukuta ukatikisika.

Sahra alikuwa ameshasikia kila kitu, ukuta wenyewe ni mwembamba. Mtoto huyu hakurithi hasira yangu. Alimfuata bibi yake kwa sura, na upole sijui ameutoa wapi. Alikaa ametulia kama maji ya mtungi, anapitisha kidole kwenye simu. Alitafuta picha zote tulizowahi kupiga nyumbani. Mtungi umo kwenye nyingi, pale nyuma karibu na jiko, lakini kila mara kifuniko kimefunikwa kitambaa ili nzi wasikae.

"Hooyo," akaniambia mwishowe, yaani mama kwa lugha yetu, "si neno. Nitaenda hivyo hivyo."

"Utaenda hivyo vipi? Kama mtu aliyeokotwa?"

"Nitawaambia ilikuwepo."

Ningependa aangue kilio, anilaumu, avunje kikombe. Lile neno lake la upole ndilo lililonivunja. Nililia mbele ya mtoto wangu kama sijamaliza matanga. Nililia kwa sababu mama yangu hakujua kuandika, na katika dunia nzima mkono wake uliacha mistari mitatu na nukta, nami nilikuwa nimeipeleka mwenyewe ikafutwe, ati ing'are.

Asubuhi nikiwa napanga vibuyu, nikasikia Gaceri ananiita juu ya ukuta. "Mama Sahra! Kuja! Kuja hapa!"

"Sina jirani upande huo!" nikamjibu.

"Istahil, kuja nakuambia!"

Gaceri hajawahi kuniita jina langu. Na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Nikajifunga leso, nikaenda, Sahra nyuma yangu.

Nilimkuta ameliinamia karai kubwa, maji yanamdondoka viwikoni. Ovaroli za Mwongera zilikuwa pembeni, nusu zimekamuliwa. Hizo ovaroli, ukizisimamisha zinasimama zenyewe kwa mafuta, kwa hiyo Gaceri huziloweka kwa maji ya moto na magadi. Magadi haya haya ya kulainisha mahindi, lakini kwa ovaroli hutia kwa makopo, si kwa kijiko. Alikuwa ameziloweka jana yake mchana kabla sijafika, akalisogeza karai ukutani, juani, akaliacha lilale. Na kumbe kifuniko nilichokirusha kilikuwa kimeangukia humo, kikazama chini ya zile nguo. Mimi nilidhani kimebaki kwao. Wao walidhani, baada ya kutafuta, kwamba nilikiokota nikaondoka nacho. Usiku kucha kimelala kwenye magadi.

Mwongera alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi, kama amefiwa. "Imekwisha kabisa sasa," akaniambia bila kuinua macho. "Aluminiamu na magadi hazipatani, mama. Inaikula. Hakuna fundi anaweka hii kitu kwa magadi. Ona vile imekuwa."

Niliona. Kile kioo cha jana kilikuwa kimekufa. Kifuniko kimekuwa cha kijivu kizito, na weusi weusi kama chungu cha mkaa. Nikasema moyoni, haya, Istahil, chapa alifuta yeye na mng'aro umefuta wewe, mko sawa.

"Usimsikize huyu," Gaceri akasema. "Anaangalia rangi. Wewe simama hapa. Angalia ikiwa hivi." Akakiinamisha kifuniko kidogo, jua likakipiga kwa upande.

Mwanzo niliona kivuli tu, kama unyevu unaokauka. Gaceri akapitisha kitambaa kilicholowa. Mstari mmoja. Akapitisha tena. Mstari wa pili, sambamba na wa kwanza, mweupe kidogo kuliko kijivu kilichouzunguka. Chini, nukta. Na kulia, wallahi naapa kwa aliyeniumba, mstari wa tatu. Ulianza vizuri, ukashuka mpaka katikati, kisha ukakimbia upande.

Nilikaa pale pale kwenye maji machafu ya ovaroli. Kuku waliendelea na mambo yao. Sahra alipiga magoti kando yangu.

Nikaweka kidole juu ya ule mstari wa tatu. Laini. Laini kabisa, kama shavu. Nikapapasa tena, nikafumba macho nipapase vizuri, hamna kitu. Nikafumbua, upo. Macho yanauona na kidole hakiuoni. Mwili wote ulinisisimka, nikasema la ilaha illallah, na Gaceri upande wake akasema, "Mwathani," kwa Mungu wake wa Kimeru, na naamini maneno yote mawili yalifika mahali pamoja.

Mwongera alikuja akachuchumaa, akageuza kifuniko huku na huku. "Nilikata mpaka chini ya mikwaruzo," akasema, "nilihakikisha. Hapa hakuna kitu niliacha." Akakiinamisha tena juani. "Labda chuma ikipigwa sana inaumia mpaka ndani, mahali msasa haifiki. Na magadi inakula pale pameumia tofauti na pale pazima. Sijui. Miaka yote nimesugua hii kitu, sijawahi kuona." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hajui.

Mimi nilielewa kwa njia yangu. Mama alikuwa na mkono mzito. Alipiga lile jiwe kama mtu anayetaka kusikika, na sauti ikaingia ndani ya chuma ikakaa. Grainda ilipita juu yake haikuikuta.

"Mzee," nikamwambia, "jana nilikutukana."

"Ulinitukana mpaka babu yangu."

"Babu yako namwomba msamaha. Wewe bado nafikiria."

Gaceri akapasuka kicheko, nami nikacheka, na machozi yakaja hapo hapo katikati ya kicheko. Mwongera alicheka pia, lakini akarudi haraka kwenye kifuniko. Akasema hiyo alama imekaa juu juu kama rangi. Ikisuguliwa, au hata ikishikwashikwa, itapotea, na hadhani magadi yatairudisha mara ya pili. Kama tunaitaka, lazima ipigwe upya sasa hivi, mtu akiifuata mstari kwa mstari vile ilivyo.

Akaingia ndani akaleta nyundo na patasi ndogo. Akakiweka kifuniko juu ya gogo, akaelekeza patasi kwenye mstari wa kwanza. Mkono ukabaki juu. Tukamngoja. Akaushusha bila kupiga, akanyoosha nyundo kwangu.

"Hii si yangu," akasema.

Niliishika nyundo. Nilitaka sana kuwa mimi. Lakini nilipomtazama Sahra, amepiga magoti, ametoa bangili zake na kuziweka chini bila mtu kumwambia, niliona nani anakwenda Kulamawe na nani anabaki. Nikampa.

Mwongera akamwonyesha namna ya kushika patasi, karibu na ncha, na asiangalie nyundo. Mstari wa kwanza ulimtoa jasho. Wa pili ulikwenda vizuri zaidi. Akapiga nukta kwa pigo moja tu, na Gaceri akapiga kigelegele cha chini chini, cha kujizuia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanangu, nimemwinamia mpaka kidevu kinagusa bega lake, napumua pale anapopumua.

Alipofika katikati ya mstari wa tatu, alisimama. Hii hadithi ya teke nilikuwa sijawahi kumsimulia. Ni ya aibu yangu na mama, ilikuwa yetu wawili.

"Hooyo," akauliza, "hapa bibi alikosea?"

"Hapo hakukosea," nikamwambia. "Hapo ni mimi."

Sahra aligeuza uso akanitazama kidogo. Kisha akaipindisha patasi, akaufuata ule mstari pale ulipokwenda.